Mluzi wa Dirisha la Malalamiko

Mara ya kwanza kuchapwa shuleni, Mluzi alichapwa kwa kosa la kupiga mluzi darasani, na hadi leo hajui kupiga mluzi. Mwalimu alikuwa ameelekea ubaoni, sauti ikatoka huko nyuma, akageuka kama radi. Darasa zima lilikuwa limefumba midomo kwa hofu, isipokuwa kitoto kimoja cha kike cha mstari wa mbele kilichochongoa midomo kana kwamba kinapuliza chai ya moto. Ushahidi gani tena ulitakiwa? Alipigwa, na alipokuwa akipigwa midomo ilibaki vilevile, mwalimu akaona huo ni ujeuri juu ya ujeuri, akaongeza.

Jina la Mluzi lilianzia hapo, likamshika kama gundi.

Uso huo ulimjia akiwa bado mdogo, siku zile watoto wenzake wanaanza kukimbia. Mashavu yalikaza, midomo ikajikunja mbele, macho yakafinyika kama ya mtu anayesoma kibao cha mbali na kutoamini alichosoma. Alikuwa mfupi, na alitembea kwa kuyumba, magoti hayanyooki sawasawa. Mama yake alimpeleka zahanati, akaambiwa ni mambo ya ukuaji, yatapita. Shangazi yake hakuhitaji zahanati. "Mtoto ana dharau huyu," alisema, na kwa shangazi kesi ikawa imefungwa.

Nyumbani walizoea. Mama alikuwa akimkuta kajikunyata kwenye kona, anamuuliza, "Unalia au unacheka?" Mluzi anajibu, "Nalia," na mama anaweka sufuria chini, anakuja kumbembeleza. Hivyo ndivyo alivyojifunza kutangaza hisia zake kwa maneno, kama redio inavyotangaza hali ya hewa. Nimefurahi. Nimeudhika. Nasikitika. Watu wa nje walimsikiliza, wakamtazama usoni, wakauamini uso. Siku ya kumzika babu yake, jirani mmoja alinong'ona kwamba yule mjukuu anabana kicheko. Shangazi alivua mtandio wake akamfunika kichwa kizima, na Mluzi akamlilia babu yake gizani kama kuku ndani ya tenga.

Kichwani alikuwa mzuri. Alimaliza shule, akaajiriwa idara ya maji kama mpiga chapa, chumba cha nyuma, kazi aliyoipenda kwa sababu mashine haimtazami mtu usoni. Angezeekea humo kama si bwana mmoja mpole aliyekaa dirisha la malalamiko. Bwana huyo alikuwa na moyo laini na shinikizo la damu, na siku moja mteja alimmwagia kichwani maji ya kahawia aliyoyaleta kama ushahidi. Akaomba likizo. Msimamizi akaangaza macho ofisini akitafuta wa kushika nafasi, na kila mtu akainama kutafuta kalamu chini ya meza. Mluzi, ambaye shingo yake haikuinama upesi, ndiye aliyeonekana.

Mteja wake wa kwanza alikuwa muuza nyama, jitu la mabega mapana, ana jagi mkononi.

"Nyie mnatuona sisi binadamu kweli?" alinguruma. Foleni nzima ilirudi nyuma hatua. "Hiki ni nini? Eti maji! Mimi nimeuza nyama miaka yote, supu naijua. Hii ni supu!"

Mluzi aliogopa kuliko foleni nzima. Alitaka kusema pole, neno likachelewa. Alimtazama tu. Muuza nyama naye akamtazama, akauona ule mdomo uliochongoka, na yale macho yaliyofinywa kwa namna ya mtu aliyesikia mengi na kuamini machache.

"Sisemi kila siku," alisema, sauti imeshuka. "Hasa Jumanne."

Mluzi alivuta kitabu cha malalamiko. Uso haukutikisika.

"Na labda... tangi langu nalo sijaliosha siku nyingi. Siwezi kukataa." Aliliweka jagi chini, akalichukua tena. "Basi, mama, ngoja nikalioshe kwanza. Ikizidi nitarudi."

Mluzi alipopata pumzi ya kusema "Pole sana, kaka," jitu lilikuwa limeshafika barabarani.

Msimamizi aliyaona hayo kupitia upenyo wa mlango, na bwana mpole hakurudishwa tena dirishani.

Kuanzia hapo nyota yake iliwaka. Kila aliyefika dirishani aliuona katika uso ule kile alichokuwa akikiogopa. Aliyetia chumvi aliona ameshikwa. Aliyesema kweli tupu alianza kujiuliza kama hakutia chumvi bila kujijua. Wanawake waliokuja wamefunga vibwebwe waliondoka wakisema labda wamepitiwa. Malalamiko yalipungua mwaka hadi mwaka, na ripoti ya mkurugenzi ikasema kwa fahari kwamba wateja wameridhika. Mabomba yalibaki yaleyale, yanavuja palepale.

Akapandishwa cheo mara moja, mbili, mpaka akawa mkuu wa huduma kwa wateja, mwenye ofisi yenye pazia. Hata hivyo hawakumwondoa dirishani. Asubuhi zote alikaa pale, kwa manufaa ya idara. Vijana waliletwa wakae karibu naye wajifunze utulivu.

"Mama, siri yako ni nini?" aliuliza mmoja.

"Naogopa," alijibu Mluzi, kwa ukweli wote.

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Tazama ukubwa wa mtu, walisema, na bado ana utani.

Hata mumewe alimpata kwa njia hiyohiyo. Alikuwa fundi bomba wa idara, mtu wa visa na vichekesho, aliyezoea wasichana kuangua kicheko kabla hajafika mwisho. Kwa Mluzi alikwama. Alimpa kisa chake kizuri kuliko vyote, na msichana akamtazama kwa uso wa hakimu, akasema, "Kimenichekesha sana." Fundi akaona amepatikana mwanamke wa viwango. Alirudi kesho yake na kisa kingine, na keshokutwa, na aliposhtukia walikuwa wameshaoana na wana binti. Katika ndoa yote hiyo hakuacha kujitahidi. Wenzake walienda mpira jioni; yeye alikaa barazani akinoa vichekesho.

Mambo yangeendelea hivyo, kila mtu ameridhika kwa makosa, kama si jino.

Lilikuwa gego la nyuma, liliuma mpaka sikio. Daktari wa meno alimlaza kwenye kiti, akawasha taa.

"Fungua mdomo, mama."

"Nimefungua."

"Zaidi kidogo."

"Hapo ndipo mwisho."

Daktari alijaribu kupitisha kioo chake, kikagoma kupita. Aliyabonyeza mashavu, akayakuta magumu kama ngozi ya ngoma. Alikuwa mtu mwangalifu. Alikataa kumchoma sindano ya usingizi mtu ambaye misuli yake haielewi, akamtuma hospitali kubwa, kwa daktari wa neva.

Daktari huyo alikuwa binti ambaye Mluzi angeweza kumzaa, mwenye miwani mikubwa. Alimlaza kitandani, akamchoma sindano nyembamba yenye waya mkononi, na mashine iliyo pembeni ikaanza kuvuma kama cherehani iliyoachwa inazunguka peke yake.

"Mama, legeza mkono."

"Nimelegeza."

"Legeza kabisa kabisa."

"Daktari, huku ndiko kulegeza kwangu."

Yule binti alivua miwani, akaisikiliza mashine kwa muda. Kisha akatoa damu, ikapelekwa maabara ya mbali, na majibu yakachelewa hata Mluzi akadhani yamesahauliwa. Kumbe hayakusahauliwa. Aliitwa, akaketishwa, na mumewe kando yake.

"Mwili wako, mama, si seli peke yake," alianza daktari. "Kati ya seli na seli kuna vitu vinavyojaza na kushikiza, mfano wa saruji kati ya matofali. Humo kuna protini moja kubwa sana, imebeba minyororo ya sukari, inaishi nje ya seli. Inaitwa perlekani. Kuna jeni moja yenye kazi ya kutoa maelekezo ya kuitengeneza."

"Inafanya nini hiyo?" aliuliza fundi bomba. Habari za kujaza na kushikiza zilimgusa kikazi.

"Mengi. Gegedu za mifupa zinaihitaji ili mtoto akue, ndiyo maana mama ni mfupi na viungo vyake vimekaza. Lakini kubwa ni pale neva inapokutana na msuli. Neva ikituma amri ya kukaza, lazima pawepo na kitu cha kuifuta hiyo amri, msuli uachie. Kinachofuta ni kimeng'enya fulani, na perlekani ndiyo inayokishikilia mahali pake. Mama anayo kidogo mno. Kwa hiyo tunadhani amri haifutiki vizuri, na msuli wenyewe nao umekuwa mwepesi wa kujisisimua. Haupumziki, hata akilala."

Mluzi alifikiri. "Yaani msuli wangu unatekeleza amri ya zamani ambayo hakuna anayekumbuka nani aliitoa?"

"Ndiyo, tuseme hivyo."

"Kama ofisini kwetu."

Daktari alitabasamu nusu, akasita. Hakujua kama mgonjwa anatania au ameudhika. Kwa uso ule, nani angejua?

"Nimetania," alisema Mluzi.

Akaelezwa pia kwamba kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo. Baba yake na mama yake walikuwa na moja nzima na moja mbovu, wakaishi bila kujua. Yeye akarithi mbovu zote mbili.

"Na kaka yangu, mbona yeye mzima?"

"Huenda alipata nzima zote mbili, au moja nzima na moja mbovu. Alibahatika."

Mluzi hakushangaa. Kaka yake alikuwa hivyo hata kwenye kugawana nyama. Binti yake, akaambiwa, amebeba nakala moja mbovu na hana neno. Kisha daktari akamwandikia vidonge ambavyo kwa kawaida hupewa wenye kifafa. "Haviitengenezi jeni," alionya. "Vinatuliza misuli tu. Ila navyo vina hila zake. Uwe unakuja nikuangalie."

Mabadiliko yalianza kimyakimya. Aliamka asubuhi moja akaona kijiko kinaingia mdomoni bila kugonga meno. Gego likang'olewa. Paji la uso likaanza kupanda na kushuka lenyewe, midomo ikajifunza kurudi nyuma, na binti yake akasimama mlangoni akimkodolea macho. "Mama," alisema, "kumbe una vishimo mashavuni!"

Mumewe alikuwa na furaha isiyo kifani. Jioni moja alipokuwa akisimulia kisa cha fundi aliyejifungia ndani ya tangi, aliona midomo ya mkewe inatanuka, meno yanatoka nje, na kicheko hiki hapa, cha uso mzima. Karibu alie. Kazi ya miaka yote imelipa! Kesho yake akaleta kisa kikubwa, kile cha enzi za uchumba. Alikisimulia kwa mikono na miguu, akafika mwisho, akatazama. Aliona uso wa mtu mwenye adabu aliyechoka.

"Hakichekeshi?"

"Kinachekesha kidogo."

"Miaka yote umekuwa ukisema kinachekesha sana!"

"Nilikuwa nakupenda."

"Na sasa?"

"Sasa nakupenda, lakini unaniona."

Fundi bomba alishika tama. Siku chache zilizofuata alienda mpira na wenzake. Baadaye alianza kumuuliza mambo ambayo hakuwahi kuuliza, kama vile anapenda chai ya moto kiasi gani, au kama ule mto wa kulalia unamfaa. Aligundua kwamba alikuwa ameoa mtu asiyependa kabisa kukaa barazani jioni, kwa sababu ya mbu. Wakahamia ndani.

Ofisini kishindo kilikuja na ndoo. Aliyeibeba ni mkunga mstaafu kutoka mtaa wa juu, mlimani, ambako bomba lilikuwa limekauka tangu mvua za mwaka uliopita. Alisogea dirishani akiwa amejitayarisha kukutana na ule uso wenye sifa mjini. Akaeleza anavyoteremka kila alfajiri kuchota kwa watu, anavyopanda na ndoo, goti lake linavyolia njiani. Alipofika kwenye goti alinyamaza. Uso wa upande wa pili wa kioo ulikuwa umekunjamana wote, na chozi linashuka.

"Mwanangu, unalia?"

"Samahani, mama."

"Usiniombe samahani. Wewe kaa hapohapo, usiondoke."

Mkunga aliacha ndoo kama alama ya foleni, akaenda kuwaita wenzake. Kufika adhuhuri mtaa wa juu wote ulikuwa umesimama nje, kesho yake na mtaa wa chini. Habari zilienea kwamba idara ya maji kuna mtu anasikia. Watu walieleza mabomba, wakaeleza na magonjwa yao, na wakwe zao. Muuza nyama wa zamani alirudi na jagi, safari hii akisema wazi kwamba tangi lake linang'aa na maji bado ni supu. Malalamiko yaliyopasa kutolewa miaka yote yalimwagika kwa pamoja.

Balaa kubwa zaidi lilitokea kwenye kikao cha bodi. Mkurugenzi alisoma kwa sauti nzito, "Wateja wetu wameendelea kuridhika," na nyusi za Mluzi zikapanda zenyewe mpaka karibu na nywele.

"Mama, una la kusema?" aliuliza mjumbe mmoja.

"Sina, mheshimiwa."

"Uso wako unalo."

Mkurugenzi alimwita ofisini, akamvutia kiti kwa mkono wake. "Kwanza pole na matibabu, mama. Tunafurahi wewe kupata nafuu. Tunafurahi sana." Alizungusha kalamu. "Hivi, hizo dawa ni lazima kila siku? Siku za kazi, kwa mfano?"

Ingependeza kusema kwamba Mluzi alisimama akamjibu ya kumjibu. Hakufanya hivyo. Alikipenda cheo chake, alilipenda pazia lake, na kwa mara ya kwanza maishani mtu alikuwa akiuhitaji uso wake ule wa zamani. Alirudi nyumbani, hakumwambia mumewe neno, akaviacha vidonge kabatini.

Misuli haikumwangusha. Katika siku chache ilikuwa imerudi kazini yote, na maumivu ya taya juu yake. Jumatatu alikaa dirishani na mdomo umechongoka kama enzi zake, akasubiri watu wafyate mkia. Mkunga alisogea, akamtazama, akainama kumtazama kwa chini, akageukia foleni.

"Jamani!" alipiga kelele. "Wamemkataza kulia!"

Mluzi alijaribu kueleza. Alisema hakuna aliyemkataza, ni shauri la vidonge. Watu walimsikiliza, wakamtazama usoni, wakauamini uso. Mama wa watu ametishwa, walisema, mwoneni alivyojibana. Kufika saa nne ndoo zilikuwa zinagongwa langoni, na mkurugenzi alichungulia dirishani mwake akaliona pazia lake mwenyewe kuwa jembamba mno.

Mafundi walipelekwa mtaa wa juu mchana uleule, mume wa Mluzi akiwemo. Hawakukuta bomba lililopasuka wala pampu iliyoungua. Walikuta koki iliyofungwa wakati wa ukarabati wa mvua za mwaka uliopita, na aliyeifunga alikuwa ameshastaafu bila kumwachia mtu agizo la kuifungua. Wakaizungusha. Maji yakaja. Mkurugenzi alipanda mlima siku ya pili akiwa na mpiga picha, akalifungua bomba lililokuwa limeshafunguliwa, akapigiwa makofi.

Daktari wa neva alipojua habari ya vidonge alimfokea Mluzi kama anamfokea mtoto, halafu akakumbuka umri, akamwomba radhi, halafu akaendelea kufoka. Mumewe yeye hakufoka. Alikaa kitandani na kopo la dawa mkononi, akasema, "Mimi nimeuzoea huu uso mpya. Hata kama hausemi vizuri juu yangu." Tangu hapo Mluzi anavimeza kila siku, sikukuu na siku za kazi.

Idara ilimpongeza kwa utumishi uliotukuka na kumhamishia ghala la mabomba, upande wa pili wa mji. Dirisha la malalamiko lilipigiliwa ubao, na pembeni likatundikwa sanduku la maoni, ambalo ufunguo wake ulikabidhiwa kwa mkurugenzi mwenyewe, naye akaupoteza mapema.

Ghalani hakuna pazia. Kuna mabomba yaliyopangwa mpaka darini, harufu ya mpira mpya, na meza moja ya mbao ambako watunza ghala watatu hucheza karata wakati wa chakula cha mchana. Walimkaribisha kwa heshima na woga. Sifa za mama wa dirishani zilikuwa zimewafikia kabla yake. Walimgawia karata kwa mikono miwili. Mluzi akazitazama karata zake, na wale watatu wakamtazama yeye, na kabla hajacheza hata moja walikuwa wameshajua kwamba hana kitu.

"Mama," alisema mkubwa wao, akijitahidi kutocheka, "tugawe upya?"

"Kwa nini?"

"Tunakuonea."

"Chezeni," alisema Mluzi.

Wakacheza, akashindwa. Wakagawa tena, akapata karata nzuri, na wote watatu wakajitoa palepale bila hata kuulizana. Mtu mwingine angejifunza kuzificha kwa kuangalia pembeni au kuinamisha kofia, na mkubwa wa ghala alikuwa tayari kumfundisha. Mluzi alikataa. Anashindwa karibu kila mchana, huku akiwa amekasirika, na kila mtu mezani anaona kwamba amekasirika.